Miksa ya kwaya kwenye raki ya inchi 19: kwa nini tuliishia na moduli za milimita 40

Miksa ya zamani ya kwaya yetu, hapa Dar es Salaam, ilikuwa na chaneli 12, na kufikia mwisho wake zilizokuwa zikifanya kazi ni 7. Ilikuwa ya aina ile ambayo bodi moja kubwa imebeba kila kitu: potenshometa (zile zinazozungushwa kwa nobu), feda (vitelezi vya kupandisha na kushusha sauti) na jeki, vyote vimelehemiwa pamoja. Ukitaka kufikia feda moja tu iliyojaa vumbi, unavua nobu zote, unafungua nati moja baada ya nyingine, kisha unainua bodi nzima kama unayetoa mkeka chini ya watu waliolala. Kila ilipokwenda kwa fundi ilirudi chaneli moja imepona na nyingine imekufa. Tatizo halikuwa fundi. Bodi iliyochoka ikiinuliwa mara kwa mara, njia zake za shaba hukatika.

Basi mwalimu wa kwaya aliponiomba nimtengenezee nyingine, sharti lake lilikuwa moja: chaneli ikifa Jumamosi, Jumapili misa iendelee. Sharti hilo ndilo lililotupeleka kwenye moduli, yaani kila chaneli kwenye kipande chake kinachochomoka peke yake. Nimeamua kuandika kisa chote kwa sababu watu wengi wanaojenga miksa nyumbani huanza na mchoro wa sakiti. Hubishana wiki nzima kuhusu chipu, halafu mwishoni kabisa ndipo wanajiuliza itakaa kwenye kasha gani. Mimi nilianza hivyohivyo, na bodi zangu za kwanza sita hazikupata pa kukaa.

Kwanza vipimo, maana bila hivyo hakuna kinachoeleweka. Raki ya inchi 19 ni ile inayobeba ampulifaya za ukumbini na vifaa vya mtandao maofisini. Upana wa bati la mbele ni milimita 482.6, yaani inchi 19 kamili pamoja na masikio ya kufungia pembeni. Kimo huhesabiwa kwa U, na U moja ni milimita 44.45. Kifaa cha 3U kinachukua nafasi ya milimita 133.35, ila bati lake hukatwa pungufu kidogo, kama milimita 132.5, ili lisisuguane na jirani. Ndani ya raki hiyohiyo unaweza kuweka fremu ya moduli ya 3U ambayo upana wake hugawanywa kwa HP. HP moja ni milimita 5.08, sawa na moja ya tano ya inchi, na fremu ya kawaida ina HP 84, ambazo ni milimita 426.7. Bati la mbele la moduli ya 3U lina urefu wa milimita 128.5, na bodi inayoingia nyuma yake ni ya milimita 100 kwa 160. Kipimo hicho cha bodi kina bahati kubwa kwetu, maana bodi tupu ya shaba ya 100 kwa 160 ndiyo inayouzwa sana madukani. Huhitaji kukata wala kupoteza.

Mfumo huu ni wa viwandani, na ulikuwepo miaka mingi kabla wanamuziki hawajaujua. Doepfer wa Ujerumani waliuchukua mwaka 1995 kwa sintesaiza yao ya A-100, na tangu hapo vijana wengi wanaujua kwa jina la Eurorack. Upo pia mfumo wa API wa Marekani, wa moduli za mfululizo wa 500: 3U kwa kimo, upana wa inchi moja na nusu, ambayo ni milimita 38.1, umeme wa volti 16 chanya na hasi, na kiunganishi cha pini 15 nyuma. Niliufikiria kwa makini, kwa kuwa raki moja inameza moduli 11. Nilichokosa kwake ni njia ya basi, yaani waya wa pamoja unaokusanya sauti za chaneli zote. Pini zake zimepangwa kwa kifaa kinachojitegemea: sauti inaingia, sauti inatoka, umeme, na volti 48 za kuwasha maiki zinazozihitaji. Miksa inahitaji kila chaneli imwage sauti yake kwenye waya wa pamoja, na waya huo hauna pini rasmi pale. Unaweza kuulazimisha, lakini ukishaulazimisha hutumii tena mfumo wa watu wote, umebuni wako tu. Faida ya kununua moduli ya mtu mwingine na kuichomeka ikapotea.

Kosa langu la kwanza lilikuwa uroho wa chaneli. Nilichukua HP 84, nikagawa kwa 5, nikapata moduli 16 za milimita 25.4 na HP 4 zikabaki. Kwenye karatasi lilikuwa jambo zuri sana. Nikachora bodi, nikaondoa shaba isiyotakiwa kwa kemikali, nikajaza vifaa kwenye sita. Ndipo nikashika soketi ya XLR, ile ya kuchomekea maiki. Uso wa soketi ya kawaida, ile ya umbo la D, una upana wa milimita 26 na kimo cha 31, na tundu lake ni la milimita 24. Moduli yangu ilikuwa 25 na kidogo. Hata ningeisukuma soketi nyuma, bado kulikuwa na vidole. Nilikata vipande vya kadibodi, nikavipanga kwa upana ule, nikachomeka nobu za milimita 15, nikamwita mwalimu azungushe ya katikati. Kila alipoigusa, na jirani yake ilizunguka. Mwalimu ana mikono ya mtu aliyelima, na wanaomsaidia ni vijana wanaojifunza. Miksa inayohitaji kucha za mpiga gitaa si yao.

Hapo ndipo niliporudi nyuma na kuanza upya na kadibodi badala ya sakiti. Tulijaribu HP 6, milimita 30. XLR ilikaa, nobu zikawa na nafasi, lakini hapakuwa na mahali pa kuandika jina la mwimbaji, na kwa kwaya jina ni muhimu kuliko namba. Tukajaribu HP 8. Hapo mambo yakakaa sawa: milimita 40.64 kwa kila moduli, bati lenyewe tukalikata 40.3. Nobu zinapangwa mstari mmoja upande wa kushoto, na upande wa kulia zinakaa swichi ya volti 48, kitufe cha kusikiliza kwa hedifoni na taa ya kuonya sauti ikizidi. Na hesabu ikatoka bila kubakiza kitu: chaneli 8 kwa HP 8 ni 64, moduli ya mwisho inayokusanya sauti zote ikapewa HP 12, na HP 8 zilizobaki zikawa za hedifoni na mita. Jumla 84.

Kupunguza chaneli kutoka 16 hadi 8 kulituletea zawadi ambayo sikuitafuta. Miksa za aina hii hujumlisha sauti kwa kila chaneli kupitia rezista, kwetu kilo-ohm 10, kwenda kwenye mguu mmoja wa op-ampu (chipu ya kukuza sauti) ambao hubaki kwenye sifuri ya volti muda wote. Sauti ya kila chaneli inapita kama ilivyo, lakini mchakacho wa op-ampu yenyewe unakuzwa mara idadi ya chaneli ongeza moja. Kwa chaneli 8 ni mara 9, karibu desibeli 19. Kwa 16 ingekuwa mara 17, karibu desibeli 24.6. Desibeli tano na nusu za mchakacho si kidogo kwenye kanisa tulivu wakati mtoto anaimba zaburi peke yake. Na kwa kuwa mguu ule uko kwenye sifuri, ukizima umeme ukatoa moduli ya tano na kuwasha tena, chaneli nyingine hazipandi wala kushuka. Hilo ndilo linalofanya miksa ya moduli iwezekane.

Sasa feda, ambayo ndiyo iliyonisumbua kuliko yote. Mwalimu alitaka zile ndefu, zinazotembea milimita 100, kwa sababu kuzima sauti taratibu mwishoni mwa wimbo kwa feda fupi ya 60 ni kazi ya kubahatisha. Tulizozipata nilizipima kwa venia, kile kipimo cha taya cha vipimo vidogo: mwili wake ulikuwa karibu milimita 128 kutoka ncha hadi ncha. Bati la moduli ya 3U lina 128.5, lakini nyuma yake juu na chini kuna reli za fremu, na nafasi iliyo wazi kati ya reli ni kama milimita 112 tu. Feda haingii. Hakuna namna ya kuipinda, na wengi huona jambo hili siku ya kuunganisha.

Njia zilikuwa tatu. Kuweka feda fupi. Kuacha feda kabisa na kutumia nobu ya kuzungusha, kama wanavyofanya wajenzi wengi wa miksa za raki. Au kujenga ghorofa mbili: 3U ya juu iwe ya moduli, na 3U ya chini iwe bati moja refu la feda lisilo na fremu wala reli nyuma yake. Tulichukua ya tatu. Bati la 3U linalofungwa moja kwa moja kwenye masikio ya raki lina milimita 132.5 zilizo huru, kwa hiyo feda ya 128 inakaa, ingawa zinabaki milimita mbili tu juu na mbili chini. Najua ghorofa ya chini inavunja usafi wa moduli, kwa kuwa feda nane ziko kwenye bati moja. Lakini kila feda imefungwa kwa skrubu zake mbili na kuunganishwa kwa plagi ya nyaya tatu, kwa hiyo inatoka peke yake. Sharti la mwalimu halikuvunjwa.

Raki yenyewe tuliitoa kwenye kabati la mtandao lililotupwa na ofisi moja iliyohama. Reli zake zilikuwa na matundu ya mraba ya milimita 9.5, yale yanayopokea nati za kibanio za M6, na nawashauri wote wanaoanza wachukue aina hiyo. Ukinunua reli za Kimarekani zilizochongwa meno tayari, utakuta nyingine ni 10-32, nyingine 12-24, na skrubu ya moja ikilazimishwa kwenye nyingine inakula meno. Nati ya mraba ikiharibika unaing'oa na kuweka mpya. Seremala akatutengenezea kasha la mninga lenye mlalo, maana feda iliyosimama wima ukutani inachosha mkono kabla ya ibada kufika nusu.

Masikio ya bati la feda yalitobolewa vibaya mara ya kwanza, na mchoro ulikuwa wangu. Niligawa 44.45 kwa tatu nikaweka matundu sawasawa. Kwenye raki matundu hayako sawa: ni 15.9, kisha 15.9, kisha 12.7, halafu mwendo unarudia. Ukihesabu kwa inchi ni tano ya nane, tano ya nane, nusu. Bati la kwanza likawa mfuniko wa kitu kingine.

Reli za fremu ya moduli tulizitengeneza wenyewe. Fremu za dukani zinatumia skrubu za M2.5, ambazo kwa kweli ni shida kuzipata. M3 zipo kila duka la vifaa. Nikanunua alumini ya mraba ya milimita 10, nikaipeleka mtaa wa Gerezani kwa mzee mmoja anayechonga mabati tangu sijazaliwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Leo umeleta kitu chembamba."

Nikamwonyesha: tundu la M3 kila baada ya milimita 40.64. Akaiangalia rula yake ya chuma, akaniangalia mimi. "Rula hii haina sitini na nne." Akapiga alama kwa 41, kila alama akiipima kutoka ile iliyotangulia. Sikumzuia kwa wakati. Kufika moduli ya nane alama ilikuwa imesogea karibu milimita tatu, na bati la moduli ya mwisho lilikuwa linakanyaga ukuta wa fremu.

Nikamweleza kwamba HP zimetoka kwenye inchi, na kwamba moduli tano ni inchi nane kamili. Akatabasamu. "Ungesema hivyo mapema, mwanangu." Akageuza rula upande wa inchi, akapiga mstari kwenye sifuri na kwenye nane, akachukua bikari yake ya chuma yenye ncha mbili. Akaitembeza hatua tano, ncha ya mwisho ikapita mstari kwa unywele. Akaibana skrubu kidogo, akatembeza tena. Mara ya tatu hatua ya tano ilitua ndani ya mstari wenyewe, hata mlio wake uliusikia, tik. Bila kuigusa tena bikari akatembeza reli zote mbili, ya juu na ya chini, akagonga senta, akatoboa. Nilipozipima nyumbani kwa venia, tofauti kubwa kuliko zote ilikuwa sehemu mbili za kumi za milimita. Matundu ya mabati tuliyafanya ya mviringo uliorefuka, kwa hiyo tofauti hiyo inamezwa bila shida.

Alumini tuliyotumia kwa mabati ni ya milimita 2. Ya 1.5 inapinda unapobana soketi, ya 3 inakula shingo za potenshometa hadi nati haifiki. Tuliipaka rangi kwa sababu ya hewa ya chumvi, lakini rangi haipitishi umeme. Nyuma ya kila bati, pale skrubu ya juu inapokaa, tulikwangua hadi chuma kikaonekana, tukapaka grisi kidogo. Bati ambalo halijaunganishwa na ethi hugeuka antena, na ukiligusa utasikia mvumo kwenye spika.

Kuhusu mvumo, nina jambo la kusema, kwa sababu ndilo lililokaribia kuharibu kazi yote. Nilikuwa nimeweka transfoma ndani ya ghorofa ya chini, upande wa kulia. Chaneli 1 hadi 6 zilikuwa kimya. Ya 7 ilivuma kidogo, ya 8 ilivuma sana. Nikabadilishana moduli: ya 8 nikaiweka nafasi ya 1, ikanyamaza, ya 1 ikapewa nafasi ya 8, ikavuma. Kwa hiyo kosa lilikuwa mahali, moduli zilikuwa nzima. Sumaku ya transfoma ilikuwa ikiingia kwenye nyaya za maiki kabla sauti haijakuzwa. Nikaitoa nje kabisa, nikaiweka kwenye kasha lake la 2U linalokaa sakafuni mita moja na nusu kutoka kwenye miksa, na kebo ya nyaya tano: volti 15 chanya, sifuri, volti 15 hasi, volti 48, na ethi ya kasha. Mvumo ukaisha.

Na transfoma hiyo iwe ya volti ngapi? Kila chaneli ina chipu nne za NE5532, kila moja inakula kama miliampia 8, kwa hiyo chaneli nane ni 256, na moduli ya mwisho inafikisha kama 300. Vitabu vingi vingekupa transfoma ya volti 15 kwa 15. Kwa umeme wa 230 ingetosha. Lakini nilipima pale kanisani saa moja jioni nikakuta 198. Kwa umeme huo transfoma ya 15 inatoa karibu 12.9; baada ya dayodi na baada ya kapasita ya mikrofaradi 2200 kushuka kati ya mawimbi, regyuleta, ile chipu inayotuliza volti, inabakiwa na volti 15.5 hivi, wakati inahitaji angalau 17 ili itoe 15 safi. Matokeo yake ni muungurumo unaokuja usiku tu, na fundi anayekuja mchana hausikii. Tuliweka ya volti 18. Regyuleta zinapata joto zaidi, karibu wati 2.7 kila moja umeme ukiwa mzuri, kwa hiyo zimefungwa kwenye kipande kinene cha alumini nyuma ya kasha.

Nyaya za basi ni utepe wa njia 16, aina ileile iliyokuwa ikiunganisha diski kwenye kompyuta za zamani. Basi ya kushoto na ya kulia zimetenganishwa na nyaya za sifuri. Kiunganishi kwenye kila bodi ni kile chenye ukuta na pengo upande mmoja, hakiingii kinyume. Usikubali kutumia pini tupu hata kama ni rahisi. Kugeuza utepe mara moja tu kunaunguza chipu zote nne za moduli.

Soketi za XLR ziko kwenye bati la nyuma, kila moja mgongoni mwa moduli yake kwa mwachano uleule wa 40.64, kwa hiyo waya wa maiki una sentimita 15 tu za kusafiri. Toni tuliweka mbili, ya juu na ya chini. Ya katikati niliiacha: kati ya reli kuna milimita 112, na nobu tano kwa nafasi ya milimita 20 zinaijaza.

Mwezi uliopita chaneli ya 3 ilianza kukwaruza katikati ya mazoezi ya Jumamosi. Sikuwepo. Binti anayesimamia miksa, ambaye hajawahi kushika chuma cha kulehemu, alizima umeme, akafungua skrubu mbili, akachomoa utepe na plagi mbili, akaweka moduli ya tisa inayokaa kwenye kopo la biskuti chini ya meza. Kisha akanipigia simu kuniambia, "Kaka, nimekuwekea ile mbovu, utaipitia ukipata nafasi." Iko mezani kwangu sasa. Kapasita ya mikrofaradi 47, karibu na ingizo la maiki. Mguu wake mmoja umeachana na risasi ya kulehemu.